Gari la Viti Viwili

Akko, mama mzaa baba, alipofariki, wajukuu tuligawana vitu vyake vichache, na mimi nikaomba kibuyu cha maziwa. Kilinifikia kikiwa kimefungwa kwenye leso, na nilipokifungua kifuniko ikatoka ile harufu ya moshi wa vijiti vya mzeituni wa porini ambavyo bibi zetu huvichoma ndani ya vibuyu ili maziwa yasiharibike. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kiborana angekumbuka maziwa. Mimi nilikumbuka kutu, mafuta ya taa na mavi ya kuku, halafu nikamkumbuka mama akiniambia, huku baba amesimama palepale mbele yake, "Mwambie baba yako chai iko tayari."

Nyinyi mliokuwa watoto Isiolo kaunti ilipokuwa changa mnajua mji ulivyokuwa na makelele ya matumaini. Kila mtu alikuwa na habari za uwanja wa ndege, za lami, za ofisi mpya. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mifugo, akitoa ng'ombe Garbatulla na Sericho kuwapeleka sokoni mbali. Mwenye lori akaliuza, na baba akabaki na leseni yake mfukoni. Alizunguka kwenye maofisi hadi viatu vikaisha, lakini kila gari jipya la serikali lilikuja na dereva wake, na kila dereva alikuja na mjomba wake. Basi akawa anakaa nyumbani kwetu mtaa wa Wabera, mlangoni, akitazama boda zinavyopita. Sijapenda mwanamume kukaa mlangoni tangu siku zile.

Alasiri moja lori la rafiki yake lilirudi nyuma hadi kwenye lango letu, na wanaume wakateremsha kwa mbao na kamba kitu kilichofunikwa turubai. Baba alivuta turubai. Ndani kulikuwa na gari dogo, fupi, halina paa, limeliwa na kutu kila mahali, na kwenye kiti cha abiria palikuwa na yai. Nasema kweli, yai. Wazungu wawili walilipitisha Garbatulla zamani wakielekea kaskazini, likawafia, wakamwachia mwenye duka mmoja ambaye aliligeuza banda la kuku. Baba alikuwa amepita nyuma ya duka lile miaka yote ya lori, na kila akipita anachungulia. Kisha akaona gari la aina hiyohiyo Nairobi, nje ya hoteli, limeng'arishwa, na wanaume watu wazima wamelizunguka wakilipapasa kama fahali wa maonyesho. Tangu siku hiyo hakupata usingizi mzuri.

"Tutaitengeneza sisi wenyewe," alitutangazia. "Nyumba yote. Halafu tunauzia hao watu wa Nairobi."

Halkano, mdogo wangu ambaye alikuwa hajaanza shule, alichungulia ndani. "Baba, sisi tutakaa wapi?"

Baba alicheka tu, akamwinua juu. Mimi sikucheka. Nilitazama kule nyuma ya viti nikitafuta vingine, nikaona bati limeinama kwenda chini, basi. Gari zima lilikuwa na viti viwili, na sisi, pamoja na Akko, tulikuwa watu watano.

Mama alikuwa ametoka kuchota maji, mtungi bado uko mkononi. "Ulinunua na nini?" aliuliza.

Baba aliangalia turubai. "Magala," akasema.

Mama aliuweka mtungi chini polepole, akaingia ndani. Tangu dakika hiyo aliacha kuzungumza na baba moja kwa moja.

Magala alikuwa ng'ombe wangu. Kwetu mtoto akizaliwa anaweza kupewa mtamba, tunamwita handhura, ng'ombe wa kitovu, naye pamoja na vizazi vyake vyote ni mali ya mtoto huyo hadi uzeeni. Kwa kawaida ni mvulana anayepewa, na ni baba yake anayempa. Lakini babu mzaa mama, mzee aliyependa ubishi kuliko chai, alikuja siku nilipopewa jina, akasema mjukuu wake wa kwanza hawezi kuanza maisha mikono mitupu eti kwa sababu ni msichana, akanifungia Magala awe wangu. Ng'ombe alibaki Sericho na watu wetu. Nilimwona mara chache sana, rangi yake ya kahawia na pembe zake zilizopinda ndani, na kila nilipomwona nilijisikia mtu mkubwa. Baba alimuuza pamoja na ndama wake, bila kuniuliza na bila kumwambia mama.

Habari za ng'ombe hazihitaji simu. Haikupita muda mjomba Wario, kaka mkubwa wa mama, akatokea kutoka Sericho, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Alisema salaam aleikum mlangoni, akakataa kukaa. Mtu wa kwetu akikataa kukaa, ujue hajaja kwa heri.

"Guyo," alisema, "hiyo ng'ombe baba yangu alipea huyu mtoto. Baba yangu amekufa. Sasa wewe umekula neno ya maiti?"

"Nitarudisha."

"Utarudisha na nini? Na hii sufuria?" Aliupiga ubavu wa gari teke dogo, na kipande cha kutu kikaanguka. "Idd ikifika, ng'ombe iwe imesimama hapa. Kama haiko, nachukua dada yangu tunaenda Sericho. Na Talaso pia, kwa sababu ni mali yake imeliwa. Kijana ni wa baba, huyo nitakuachia."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake, havikusogea.

Hapo ndipo Akko alipotoka chumbani kwake. Yeye ndiye aliyemzaa baba, na kila mtu alitarajia atamtetea. "Wario amesema kweli," alisema. "Mtoto wangu amekosea. Lakini na mimi nitasema moja. Kitu imenunuliwa na ng'ombe ya mtoto ni ya mtoto. Hii gari ni ya Talaso. Hakuna msumari itatoka hapa bila yeye kusema."

Mjomba alifikiri, akakubali kwa kichwa, kwa sababu hapo Akko alikuwa amesimama ndani ya desturi na huwezi kumsukuma mtu aliyesimama hapo. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Watu wazima walilala usiku ule na shida yao, na mimi nililala na yangu, ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesikia kila kitu na nikakipanga kichwani kama nilivyoweza. Mjomba amesema mvulana ni wa baba, na gari lina viti viwili. Basi ni wazi: baba amenunua gari la kuondokea. Kiti kimoja chake, cha pili cha Halkano. Mimi na mama tutapelekwa Sericho, na Akko atabaki peke yake na kuku wa jirani. Nilishangaa tu kwamba baba angeweza kuipanga safari ya namna hiyo huku anapiga mluzi.

Kazi ikaanza. Baba aliichukua hukumu ya Akko kwa mzaha. "Mwenye gari, naomba ruhusa nifungue boneti," angesema huku ameinama kama karani. "Mwenye gari, tutoe tairi?" Nilisema ndiyo kila mara, kwa sauti ndogo, na kila ndiyo ilinichoma, kwa sababu niliona nasaidia siku ya kuondoka kusogea. Tulisugua kutu kwa mchanga na mafuta ya taa, mimi na Akko na Halkano, hadi kucha zetu zikawa nyekundu. Chini ya kutu kulikuwa na rangi ya kijani, nzuri ajabu. Nililichukia gari lile na pia nilianza kulipenda, na jambo hilo lilinichosha zaidi ya kusugua.

Mama hakusugua. Alikuwa amepakia nguo zake na zangu kwenye begi moja, akaliegemeza nyuma ya mlango. Nililipita nikienda shule, nililipita nikirudi. Hakuna aliyelitaja.

Kulikuwa na siku baba alienda mjini kutafuta plagi, na Akko akaamua kwamba harufu ya kuku imezidi. Kwake dawa ya chombo kinachonuka ilikuwa moja tu. Aliwasha vijiti vyake vya mzeituni, akavitia vikiwa makaa ndani ya gari, akafunika juu kwa turubai, kama afanyavyo kibuyu. Baba aliporudi akakuta gari linafuka moshi pande zote, alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. Tangi la petroli lilikuwa limetolewa jana yake, namshukuru Mungu. "Mama, unataka kutuua?" Akko alimtazama bila wasiwasi. "Sasa nusa," akamwambia. Baba akanusa. Harufu ya kuku ilikuwa imekwisha. Tangu hapo gari lile lilinuka kama maziwa ya nyumbani, na nikaona kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wa mama, pale dirishani, ikitaka kucheka na kukatazwa.

Mfungo ukaingia, na mambo yakabana. Mtu wa Nairobi alikuwa amepatikana, mnunuzi wa magari ya zamani, na baba alimtumia picha kwa simu. Nilimsikia akirudia maneno ya yule mtu kwa Mutwiri, fundi Mmeru wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda karibu nasi: gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, asibadilishe chochote, na atakuja Alhamisi ya mwisho kabla ya Idd. Baba alikonda, akawa anaongea na injini zaidi ya anavyoongea na sisi. Magharibi mama alinituma, "Mwambie baba yako adhana imeita," na baba alikuwa ameisikia adhana kama watu wote wa Wabera, lakini alingoja niseme ndipo anawe mikono. Nilikuwa nimechoka kuwa daraja la watu wawili wanaoishi chumba kimoja.

Jumatatu ya wiki hiyo, alasiri, injini ikakubali. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, halafu ikanguruma, na kuku wa jirani wakaruka ua. Halkano alicheza. Akko alitema mate kidogo hewani kubariki. Baba, uso wote umepakwa grisi na meno yote yako nje, akakaa kwenye usukani, akafungua ule mlango wa pili.

"Mwenye gari! Panda nikuzungushe."

"Sitaki."

"Panda bwana, ni ya kwako."

"Sitaki kumwacha mama!"

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Baba akazima injini. "Nani amekuambia unaacha mama?"

"Viti ni viwili," nikasema, na baada ya hapo sikuweza kujizuia, yakamwagika yote: kwamba najua anaondoka na Halkano kwa sababu mjomba alisema kijana ni wa baba, kwamba mimi na mama begi letu liko tayari, kwamba Akko hana kiti kabisa, na kwamba kama nitapanda mimi basi Halkano naye ataachwa, kwa hiyo mimi sipandi, waende tu.

Akko alikuwa wa kwanza kupata neno. "Wallahi, hiyo ya kiti hata mimi nilikuwa najiuliza," akasema.

Mama alikuwa mlangoni na sinia la tende. Alikuja hadi kwenye gari. Akasema, bila kunipitia mimi, "Baba Talaso, umesikia?"

"Nimesikia," baba akajibu.

Mama akarudi ndani na sinia lake. Lakini jioni hiyo sikutumwa.

Asubuhi yake baba alimleta Mutwiri na mashine yake ya kuchomelea. Walipima nyuma ya viti kwa kipande cha kamba, wakanong'ona, na Mutwiri akawa anatikisa kichwa. Kisha baba akaniita. Alichuchumaa hadi macho yetu yakawa sawa. Hakuinama kama karani safari hii.

"Mwenye gari," alisema. "Huyo mtu anakuja Alhamisi. Akichukua, narudisha ng'ombe yako na mjomba anaenda kwake. Lakini anataka viti viwili, vile ilikuwa. Nikikata hapa nyuma niweke kiti ingine, hatachukua. Magala alikuwa wako na sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Nikate ama nisikate?"

"Guyo," Mutwiri aliingilia, "hii kitu ukikata imekufa. Na huyo ni mtoto. Kwani unauliza mtoto?"

"Ni yeye mwenye gari."

Nilimtazama mama. Alikuwa anafua, mgongo umetugeukia, mikono yake imesimama ndani ya maji. Hakunisaidia. Leo ningekuwa na mambo mengi ya kupima, ng'ombe, mjomba, chakula chetu cha miezi ijayo. Siku ile katika maneno yote ya baba nilishika neno moja tu, kiti.

"Kata," nikasema.

Nilidhani baba atanibembeleza nibadili. Akasimama, akamwambia Mutwiri, "Umesikia mwenyewe." Grenda ikalia, cheche zikaruka, na lile bati zuri la kijani likaanguka mavumbini. Nilimpenda baba yangu dakika ile kuliko nilivyowahi kumpenda, na pia niliogopa sana, kwa sababu mtu mzima akilitii neno lako huna tena wa kumlaumu. Wakatia benchi la kiti cha basi bovu, wakalichomelea. Mama akaja na sindano na leso yake ya maua, akalishonea kitambaa bila kuombwa. Hakusema kama anakaa au anaondoka, na begi lilibaki nyuma ya mlango.

Alhamisi mtu wa Nairobi alifika na gari lake refu. Alilizunguka letu, akafika nyuma, akasimama. Aligusa benchi kwa kidole kimoja. "Nani amefanya hii?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Baba alisema, "Mwenye gari." Yule mtu akavaa miwani yake ya jua, akaondoka. Baba alikaa mlangoni hadi magharibi, palepale alipokuwa akikaa zamani. Sikuthubutu kumkaribia.

Mwezi wa Idd ukaandama. Asubuhi, wanaume waliporudi kutoka kuswali uwanjani, tulikuwa tumevaa vizuri, na mimi nilikuwa na hina mikononi. Mjomba Wario aliingia langoni akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Alitazama uani kote. Hakukuwa na ng'ombe.

Ndani, mama aliinama nyuma ya mlango, akalichukua begi. Alitoka nalo, akampita baba, akampita kaka yake, akaenda hadi kwenye gari. Akaliweka juu ya benchi, akalipapasa liwe tambarare, akamwinua Halkano akamkalisha juu yake ili aone mbele. Kisha akapanda, akakaa karibu naye.

"Kabale," mjomba alisema, "hiyo si mizigo yako ya Sericho?"

"Halkano amekalia," mama akajibu. "Talaso, panda. Akko anakaa mbele."

Mjomba alimgeukia baba. "Na ng'ombe?"

"Nitarudisha," baba alisema. "Sijui ni lini. Lakini nitarudisha, na siku hiyo nitamleta kwa mwenyewe."

Alimleta kweli, baada ya kuendesha malori ya watu huko mbali kwa miaka, mtamba wa kahawia, nikiwa tayari msichana wa sekondari. Lakini siku hiyo ya Idd hakuna aliyejua. Baba alimsaidia Akko kukaa mbele, akaingia kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Akajaribu tena. Likanyamaza kabisa. Tulikaa pale sote watano na nguo zetu za sikukuu, baba ameshika usukani, jasho linamtoka shingoni, na mjomba amesimama nyuma yetu. Niliwaza kwamba sasa mama atateremka, na akiteremka hatapanda tena.

Akko hakugeuza kichwa. "Talaso," akasema, "gari ni yako. Mjomba ni wako. Mwambie."

Mjomba wa kwetu anaweza kumkatalia shemeji yake, anaweza kumkatalia hata dada yake. Mtoto wa dada yake akimwomba, hana pa kukimbilia. Niligeuka kwenye benchi nikamtazama.

"Mjomba," nikasema, "tusukumie."

Mjomba akakunja mikono ya kanzu, akaweka viganja juu ya bati, akasukuma. Gari liliteleza langoni, likashika mteremko, likaruka mara moja, likanguruma, na wingu lote jeusi la moshi likamwishia kifuani. Nilimwona amesimama katikati ya barabara na kanzu yake iliyoharibika, mikono bado iko mbele, anazidi kuwa mdogo. Mama hakugeuka. Alikuwa amemwegemea baba mbele akimwambia sikioni, yeye mwenyewe, apunguze mwendo.